Waya Uliozeeka Ukutani

Njoo nikusimulie habari za nyumba moja ya Mabatini, hapa Mwanza. Nyumba yenyewe ni ya hadithi, lakini nyaya zake ni za kweli, na nyingine kama hizo huenda zimo ndani ya ukuta ulioegemea sasa hivi.

Ilijengwa mwaka 1979, juu mlimani, katikati ya yale mawe makubwa yaliyoupa mji wetu jina la Rock City. Mwenye nyumba alikuwa mfanyakazi wa bandarini. Alipovuta umeme, fundi alimwekea taa nne, soketi mbili na meni swichi yenye fyuzi za kauri. Soketi moja ilikuwa ya redio, ya pili ya pasi, na pasi yenyewe iliwashwa Jumamosi jioni tu kwa nguo za kanisani. Nyaya zilikuwa nyekundu na nyeusi, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, zikapitishwa kwenye mabomba ndani ya ukuta, zikapigwa plasta, zikasahauliwa.

Miaka ikaenda. Yule mwenye nyumba, babu, akafariki. Mkewe, bibi, akajenga vyumba vitatu uani akapangisha, na kila chumba kikapata umeme kwa njia ile ile: fundi wa mtaani alipanda darini, akamenya waya wa zamani, akausokotea waya mpya, akazungushia tepu, akashuka na kulipwa chake. Fyuzi za kauri zilipoanza kukatika kila jioni, mwingine akaziondoa na kuweka kipande cha waya mnene ili zisisumbue tena. Na kweli hazikusumbua. Leo nyumba ile ina friji mbili, televisheni nne, birika la umeme, pasi, jiko la presha la umeme, na simu zinazochajiwa usiku kucha.

Jioni moja ya masika mjukuu wa bibi, mwanafunzi wa darasa la sita, alisimama nyuma ya friji akinusanusa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umesimama hapo kama umepoteza kitu?"

"Nasikia harufu ya samaki."

"Samaki wa wapi? Leo tumekula mchicha."

Hapa naomba usikilize vizuri, maana jambo hili linatuhusu sisi watu wa ziwani kuliko wengi. Plastiki ngumu ya soketi, plagi na swichi inapochomwa na joto, mara nyingi hutoa harufu inayofanana na samaki aliyeanza kuharibika. Katika mji mwingine mtu akiisikia atashtuka. Mwanza, ambako dagaa wanaanikwa kila ufuko na sangara wanapita mjini kwa malori, mtu anafunga dirisha na kuendelea na shughuli zake. Ukisikia harufu ya samaki karibu na soketi na jikoni hakuna samaki, mwambie mtu mzima saa hiyo hiyo.

Mjukuu alimwambia. Bibi akagusa ukuta kando ya soketi, akauona una joto. Alijua la kufanya: akaenda kwenye meni swichi akazima nyumba nzima, wapangaji wakilalamika gizani, kisha akamwita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, anayejua kusoma nyumba. Wakiwa wanamsubiri, bibi akasema neno ambalo nimelisikia kwa watu wengi wa umri wake: "Waya huu ulitiwa na fundi wa enzi zile, aliyekuwa akijua kazi. Umekaa miaka yote hauna neno. Kwa nini ugombe leo?"

Ni swali zuri, na halina jibu la neno moja.

Tuanze na shaba. Ndani yake mna chembe ndogo mno ziitwazo elektroni. Umeme unaofika nyumbani kwetu ni wa volti 230, nao hugeuza mwelekeo mara 100 kila sekunde. Kwa hiyo elektroni zilizo kwenye waya wa bibi hazikusafiri kutoka Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji hadi Mabatini. Zinatikisika hapo hapo zilipo, mbele kidogo, nyuma kidogo. Haziikwaruzi shaba wala haziimalizi. Waya wa shaba ukikaa pakavu, pasipo joto kali, unaweza kuishi kuliko ukuta unaoubeba. Wengi hudhani umeme ukipita miaka mingi unaula waya kwa ndani. Hauuli.

Kinachozeeka ni ganda. Ganda la nyaya nyingi za nyumbani ni plastiki iitwayo PVC, na plastiki hiyo kwa asili ni ngumu, kama ile ya mabomba ya maji. Ili iweze kupinda, kiwandani huchanganywa na vilainishi. Joto likiwa kali kwa muda mrefu, vilainishi hivyo hutoka kidogo kidogo, na ganda hurudia ugumu wake wa asili. Ukilikunja, linapasuka. Nyaya za zamani zaidi, zilizovikwa mpira kabla PVC haijaenea, zilikuwa mbaya zaidi: mpira ulikauka hadi ukamomonyoka mkononi.

PVC ya kawaida imetengenezwa istahimili nyuzi 70 za sentigredi. Wahandisi wana kanuni ya kukadiria kwamba joto la ganda likizidi kwa nyuzi kama 10, umri wake hupungua kwa nusu hivi. Tuseme waya ulikusudiwa uishi miaka 40 kwa nyuzi 70. Uufanye kazi kwa nyuzi 80 mfululizo, unapata kama 20. Kwa nyuzi 90, kama 10. Nyaya mbili zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kutofautiana umri kwa miaka 30, na kalenda isikuambie ipi ni ipi.

Joto linatoka wapi? Linatokana na mzigo. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, gawanya kwa 230, utapata ampia, yaani kiasi cha umeme kinachopita. Taa ya LED ya wati 9 haifiki hata ampia moja, ni 0.04 tu. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampia 9. Jiko la presha la wati 1,000 linavuta zaidi ya 4, na pasi ya wati 1,200 zaidi ya 5. Viwashe vyote pamoja kwenye laini moja, umefika ampia 18. Tena joto halikui sambamba na ampia. Ampia zikiongezeka mara mbili, joto kwenye waya linakuwa mara nne; zikiongezeka mara tatu, mara tisa. Waya wa bibi uliozoea redio ya babu ulibebeshwa birika, na hakuna aliyeuuliza kama unaweza.

Fundi alifika asubuhi. Alihakikisha kwa kipimo kwamba umeme umekatika kweli, maana fundi mzuri haamini swichi, kisha akafungua ile soketi. Mjukuu aliruhusiwa kutazama kutoka mbali. Nyuma ya soketi plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa, na upande mmoja imevimba. Skrubu inayobana waya mwekundu ilikuwa imelegea hadi ikazungushwa kwa kidole. Fundi akaukunja ule waya kidogo. Ganda likapasuka kwa mlio mdogo na vipande vikaanguka sakafuni. Shaba ndani ilikuwa nyeusi.

Kisha akavuta waya ule ule kutoka ndani ya bomba la ukutani, kama kipande cha mkono mzima. Huko ndani ganda lilikuwa jekundu, laini, linapinda bila shida, na alipolimenya shaba ilitoka iking'aa kama mpya.

Waya mmoja, fundi mmoja, mwaka mmoja. Mkono mmoja tu wa ukuta kati ya uzima na uharibifu. Mvuvi wa Kirumba, hapa mjini, akitaka kujua kama kamba ya nanga bado inafaa, haulizi ilinunuliwa lini. Anaipitisha mkononi yote, akitafuta pale iliposuguana na jiwe. Na kwenye waya, jiwe hilo mara nyingi ni kiungo: skrubu ya soketi, skrubu ya swichi, na yale masokoto ya darini. Mzigo ukipita, kiungo kinapata joto na kutanuka. Ukikatika, kinapoa na kusinyaa. Mwaka hadi mwaka kinalegea. Kikilegea kinapitisha umeme kwa shida zaidi, na shida hiyo inazaa joto zaidi. Hapo ndipo moto wa umeme unapopenda kuanzia.

Darini hali ilikuwa mbaya kuliko ukutani. Chini ya bati, jua la mchana linapika hewa hadi mtu hawezi kukaa, na waya uliolala humo unaanza kazi ukiwa tayari una joto. Panya walikuwa wamemenya ganda mahali pawili. Tepu za yale masokoto zilikuwa zimekauka na kufunguka. Na waya aliouvuta fundi wa mtaani kwenda vyumba vya uani ulikuwa mwembamba, wa milimita 1.5 za mraba, ule unaofaa taa, ilhali soketi huhitaji 2.5. Fyuzi ingekata kabla waya haujachemka, ila fyuzi iliondolewa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika nyumba zetu. Fyuzi inayokatika kila jioni ilikuwa inasema ukweli, tukaifunga mdomo.

Nyaya za ukubwa wa nchi nazo zina visa vyao. Mwaka 1980 ililazwa kebo chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, hadi Fumba, Unguja, kwa msaada wa Norway. Ilikuwa ya kilovolti 132, na uwezo wake ulikuwa megawati 45. Kwa miaka mingi kisiwa kilitumia kiasi kidogo tu cha uwezo huo. Lakini hoteli ziliongezeka, nyumba zikaongezeka, na mahitaji yakausogelea ukomo wa kebo huku kebo yenyewe ikikaribia miaka 30. Mwezi Mei 2008 umeme ulikatika, na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Hitilafu ikatengenezwa. Desemba 2009 umeme ukakatika tena, na safari hii giza lilidumu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, watu wakarudi visimani, na mitaa ya Mji Mkongwe ikajaa ngurumo za jenereta. Kebo mpya ya megawati 100, iliyogharamiwa na fedha za Marekani, ilizinduliwa mwaka 2013. Kebo ya kwanza ilikuwa imefanya kazi njema kwa muda mrefu. Kosa lilikuwa kukitegemeza kisiwa kizima kwenye kitu kimoja kinachozeeka bila kuweka cha pili kando yake mapema.

Kule New Zealand walikuwa na kebo nne, na bado yaliwakuta. Katikati ya jiji la Auckland palilishwa na kebo nne kubwa za chini ya ardhi, mbili kati yake zikiwa na umri wa kama miaka 40. Mwanzoni mwa mwaka 1998, kiangazi kikiwa kikali na udongo umekauka, moja ilikatika, kisha ya pili. Mzigo wote ukahamia kwa mbili zilizobaki, changa kuliko zile za kwanza, nazo zikaanguka kabla Februari haijaisha. Katikati ya jiji pakawa na shida ya umeme kwa kama wiki tano. Nakutajia kisa hiki kwa sababu ya zile kebo changa. Kebo ikifa, za pembeni yake zinarithi mzigo wake, na hapo ujana hauwezi kuziokoa.

Umewahi kujiuliza kuhusu zile nyaya za juu ya nguzo, zinazotoka transfoma moja kwenda nyingine? Nyingi hazina ganda kabisa. Ni aluminiamu tupu, na hewa ndiyo inayozitenga. Hazina cha kukauka wala kupasuka, kwa hiyo zinakaa miongo mingi. Zinazochoka ni nguzo, vikombe vya kauri na viungo. Ukiona waya umeanguka, hata kama umelala kimya bila cheche, usiusogelee. Kaa mbali angalau mita kumi, zuia wenzako, na waite watu wazima wapige simu TANESCO, shirika la umeme. Ukijikuta tayari uko karibu, usikimbie: ondoka kwa kuburuza miguu, nyayo zikiwa zimeshikana, maana ardhi yenyewe inaweza kuwa na umeme, na hatua ndefu huuruhusu upite mguu mmoja kutokea mwingine.

Turudi Mabatini, kwa sababu fundi alikuwa hajamaliza. Alitoka nje kutafuta athi. Athi ni ule waya wa kijani, au wa kijani na njano, unaoungwa na fimbo ya chuma iliyozamishwa ardhini ili umeme uliopotea njia uende huko badala ya kupita mwilini mwa mtu. Kwenye mji wa mawe, athi ni mtihani. Jiwe la matale halipitishi umeme vizuri, na fimbo haiingii. Mwaka 1979 fimbo ilizamishwa nusu tu, kwenye udongo kidogo uliokuwa kati ya mawe mawili. Mvua za miaka yote hiyo zimeuteremsha udongo ziwani, fimbo imebaki inaning'inia, waya wake umekatika kwa kutu. Maana yake, kama waya wa ndani ya friji ungegusa bati lake, hata fyuzi nzima isingekatika na friji ingebaki na umeme, ikimsubiri mtoto mwenye miguu mibichi. Fundi alichimba upande wa chini, penye udongo mzito wenye unyevu, akazamisha fimbo mbili na kuziunganisha. Akafunga pia kifaa kinachokata umeme wote mara unapovuja kiasi cha miliampia 30, ambacho ni karibu mara 300 chini ya ule unaovutwa na birika.

Akataja na radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopata radi nyingi, na dhoruba zetu hupenda kujikusanya ziwani usiku. Radi ikipiga karibu na laini, hutuma mshtuko wa ghafla unaoweza kutoboa ganda la waya mahali padogo pasipoonekana. Hilo ni jambo lingine ambalo miaka haiwezi kulihesabu.

Mwisho alitoa chombo ambacho mafundi hukiita mega. Huusukumia waya volti 500, bila mzigo wowote, na kupima kama umeme unavuja kupitia ganda. Ganda zima halivujishi karibu chochote. Waya wa taa za sebuleni, ule wa 1979, ulipita bila wasiwasi. Waya wa soketi na ule wa vyumba vya uani zilianguka.

Bibi akataka kumtuma mjukuu dukani akanunue waya wa bei nafuu. Fundi akamzuia kwa adabu. "Mama, twende wote. Huko kuna waya mpya ulio mbaya kuliko huu wa marehemu." Alikuwa sahihi. Madukani kuna nyaya zenye rangi ya shaba kwa nje tu. Ukizikwaruza kwa kisu, ndani ni nyeupe, aluminiamu iliyopakwa shaba nyembamba. Kwa unene ule ule, zinapata joto zaidi kuliko shaba halisi, na skrubu zake hulegea upesi. Mwenye kununua na atafute alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, na asione haya kuomba kukwaruza ncha ya waya mbele ya muuzaji.

Kuna jambo la haki hapa ambalo sitaki lipite. TANESCO wanawajibika hadi kwenye mita ya LUKU. Kuanzia hapo kuingia ndani ni mali ya mwenye nyumba, na wanaolala chini ya zile tepu zilizokauka mara nyingi ni wapangaji na watoto wao, ambao hawana ruhusa hata ya kupigilia msumari. Uingereza, tangu mwaka 2020, sheria inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha ahakikishe nyaya zinakaguliwa na mtaalamu angalau kila miaka mitano na kumpa mpangaji ripoti. Ningependa tuwe na kitu kama hicho, na ningependa kije haraka, kwa kuwa serikali inataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, na majiko ya presha ya umeme ni sehemu ya safari hiyo. Ni safari njema, inayookoa misitu na mapafu ya mama zetu. Lakini kila jiko jipya linachomekwa kwenye soketi ya zamani.

Wewe uliye mdogo hupaswi kufungua soketi wala kupanda darini. Kazi yako ni kuona na kusema. Soketi yenye joto, plagi iliyobadilika rangi, swichi inayonguruma, taa inayofifia friji ikiwaka, friji inayokutekenya vidole ukiigusa: yoyote kati ya hayo mpelekee mtu mzima, na akikupuuza rudia. Moto ukianza, usimwage maji kwenye umeme. Toka nje, piga kelele, mtu azime meni swichi kama njia ni salama, na apige 114, Zimamoto.

Fundi alifanya kazi siku mbili. Aling'oa masokoto yote ya darini, akavuta laini mpya ya milimita 2.5 kwenye soketi, akaviwekea jiko na birika laini ya peke yake, na mahali pa zile fyuzi akafunga breka. Waya wa taa hakuugusa. Bibi, aliyekwisha kujiandaa kulipia nyumba nzima, akamuuliza kwa nini anauacha wa zamani. "Umepimwa, mama, na bado ni mzima. Nitakuja kuupima tena baada ya miaka mitano, na siku ukianguka nitauondoa." Akaandika tarehe kwa kalamu ya wino ndani ya mlango wa meni swichi, akamwita mjukuu aisome kwa sauti.